Dafodili za kale zasakwa bustani kwa bustani

*Waingereza wanatafuta maua waliyoyazalisha wenyewe kisha wakayapoteza. Wengine wanahoji kama maua hayo yanastahili kutafutwa. Anayepanda nyuma ya nyumba yake naye ana la kuamua.*

Februari 2025, Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza, kinachojulikana zaidi kwa herufi RHS, kilitoa tangazo la kutafuta waliopotea. Walikuwa watatu: Mrs R. O. Backhouse, Mrs William Copeland na Sussex Bonfire.

Hawakuwa watu. Ni dafodili, yale maua yenye tarumbeta katikati yanayochanua Ulaya baridi inapoanza kukatika, ambayo Waarabu na Waajemi wameyasifia kwa karne nyingi kwa jina la nargisi. Wananchi waliombwa wachungulie bustani zao, viwanja vya makanisa na kingo za barabara, huenda maua hayo bado yamejificha mahali.

La kwanza katika orodha hiyo lina historia yake. Mrs R. O. Backhouse lina petali sita za rangi ya pembe ya ndovu, na katikati tarumbeta refu jembamba. Linapofunguka, tarumbeta huwa na umanjano uliofifia, mtu akaona ni dafodili tu kama nyingine. Siku zikisonga, rangi inaanza kuiva kuelekea waridi.

Mpaka hapo ulimwengu ulikuwa umezoea dafodili za manjano, nyeupe, za chungwa na zenye wekundu kwenye kikombe. Ya waridi ilikuwa ajabu. Aliyeizalisha ni Sarah Backhouse, aliyeishi karibu na mji wa Hereford, magharibi mwa Uingereza. Alifariki mwaka 1921 kabla ua halijaingia sokoni, na mumewe, Robert Ormston Backhouse, akalipa jina la mkewe.

Miaka mia moja baadaye ua lililokuwa gumzo la wapenda bustani linatafutwa kwa matangazo. Limepoteaje?

Mbegu haisaidii

Mkulima anayetaka kuhifadhi mahindi ya babu yake huchagua yaliyojaa punje, akayatundika darini juu ya meko mpaka mvua zinyeshe. Dafodili haihifadhiwi hivyo.

Mbegu ya dafodili ya bustani ukiipanda hukupa mtoto asiyefanana na mzazi wake. Tena atakuweka ukisubiri: miaka mitano, hata saba, kabla hajatoa ua la kwanza. Kuipata aina ileile iliyo na jina, njia ni moja tu, nayo ni tunguu. Tunguu la mama hujigawa chini ya ardhi, likatoa wana pembeni, nao wana wakajigawa kwa zamu yao.

Kwa hiyo kila Thalia iliyoko duniani leo, iwe Edinburgh au Tokyo, ni kipande cha mmea mmoja ulioota katika bustani moja ya Uholanzi zaidi ya karne iliyopita. Haijawahi kuzaliwa upya. Imegawanywa tu, mkono kwa mkono, kutoka kwa mtu hadi mtu.

> Tunguu la mwisho likioza, au likitupwa na mpangaji mpya asiyejua alichokishika, aina hiyo imekwisha.

Hapo ndipo palipo na hatari. Daftari la kimataifa la dafodili, ambalo RHS wamekabidhiwa kulisimamia tangu 1955, lina zaidi ya majina 30,000. Mengi ya majina hayo hayana tena mmea nyuma yake.

Wamarekani wamechora mstari ulio rahisi kufuata. Chama chao cha dafodili, kilichoanzishwa mwaka 1954, huita ya kihistoria aina yoyote iliyosajiliwa au kujulikana bustanini kabla ya 1940. Mstari huo ndio nitakaoutumia humu ninaposema dafodili ya kale.

Mwenye benki, dalali na kasisi

Kabla ya katikati ya karne ya 19, dafodili halikuwa ua la watu wa maana huko Uingereza. Lilikuwa ua la porini na la bustani za mashambani. Waliolibadilisha hawakuwa wakulima.

William Backhouse wa Wolsingham, kaskazini mwa Uingereza, alitoka katika ukoo wa wenye benki. Edward Leeds wa Manchester alikuwa dalali wa hisa. Kila mmoja kwa wakati wake, baada ya kazi, alihamisha chavua kutoka ua hadi ua, akasubiri miaka, akachagua yaliyomridhisha. Robert, yule aliyeoa Sarah, alikuwa mtoto wa huyu Backhouse wa Wolsingham. Ukoo ule ulikuwa umelogwa na dafodili.

Leeds alipozeeka alitaka kuuza mkusanyiko wake wote, akaweka sharti la kutisha: asipopatikana mnunuzi, matunguu yaharibiwe. Peter Barr, Mskochi aliyekuwa akiuza mbegu na matunguu London, akachangisha wenzake wakanunua. Matunguu ya Backhouse nayo yaliishia mikononi mwake. Mwaka 1884 RHS wakaitisha mkutano mzima wa kujadili dafodili, na Barr akabaki katika historia kama Mfalme wa Dafodili. Dafodili nyingi za bustanini leo zina damu ya mikusanyiko hiyo miwili, na mmoja wake ulinusurika kwa sababu tu mtu mmoja alifika na pesa mapema.

Kisha akaja kasisi wa Kianglikana, George Herbert Engleheart, ambaye parokia yake inasemekana haikumwona sana miezi ya kuchanua. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 matunguu matatu ya ua lake, Will Scarlett, lenye kikombe cha rangi ya moto, yaliuzwa pauni 100. Kwa fedha ya wakati ule huo ulikuwa mshahara wa mfanyakazi wa kawaida kwa mwaka na zaidi. Wale wanaoona bei za leo za dafodili mpya ni wazimu wajue wazimu huo haukuanza jana.

King Alfred asiye King Alfred

Mwaka 1899 RHS walionyeshwa ua lililozalishwa na John Kendall wa Devon. Lilikuwa kubwa kuliko dafodili zilizozoeleka, la manjano ya dhahabu kuanzia petali hadi mdomo wa tarumbeta. Likaitwa King Alfred, likapewa cheti cha daraja la kwanza, na kwa miongo kadhaa mtu akisema dafodili alikuwa akimaanisha hilo.

Sifa hiyo ndiyo iliyoliponza. Jina lilipokuwa linauza kuliko ua, wafanyabiashara waliendelea kuliuza jina. Leo mifuko mingi iliyoandikwa King Alfred ina aina nyingine ndani, mara nyingi Dutch Master au nyingine iliyokuja baadaye, iliyo rahisi kukuzwa kwa wingi. Baadhi ya wauzaji huandika kwamba ni aina ya King Alfred, maneno ambayo mnunuzi asiye makini huyapita.

Utamjuaje wa kweli? Tazama mdomo wa tarumbeta: umepinda nje na kuchanwachanwa kwa mawimbi ya kina. Tazama petali: zina msokoto kidogo, hazikulala bapa. Dutch Master lina sura ya kunyooka zaidi, petali pana, tarumbeta lililokodoa.

Watetezi wa biashara wana jibu lao. Wanasema mnunuzi wa kawaida anataka ua kubwa la manjano mwezi Machi, na hilo analipata, nani ameumia? Binafsi sikubaliani nao. Ukimuuzia mtu jina, mpe mwenye jina. Mtu anayeamini anacho kitu hakitafuti, na hivyo ndivyo aina inavyotoweka huku kila duka likidai inayo.

Vita viliyatupa vichakani

Mahali pazuri pa kuzitafuta dafodili za kale si dukani. Bonde la mto Tamar, unaotenganisha Cornwall na Devon, liliwahi kuishi kwa maua na matunda. Dafodili zilichumwa kwenye miteremko mikali, zikafungwa kwenye masanduku na kupandishwa treni usiku kwenda soko la Covent Garden, London.

Vita vya Pili vya Dunia vilipofika, serikali ilitaka ardhi ilimwe chakula. Kwa muda hata kusafirisha maua kwa treni kulipigwa marufuku. Wakulima waling'oa matunguu na kuyatupa mipakani, chini ya vichaka vilivyotenganisha mashamba. Wengine waliona ni takataka, wengine huenda walitumaini kuyarudia.

Matunguu hayakufa. Mpaka leo, ukipita bonde hilo kuanzia Februari, unakuta dafodili za majina ya enzi ya Malkia Victoria zikichanua kwenye miiba bila mbolea wala palizi. La mwisho kuchanua, karibu na Mei, ni lile jeupe la petali nyingi wenyeji waliloliita Tamar Double White, lenye harufu tamu inayomfikia mtu kabla hajaliona.

Marekani kusini, mambo ni hayo hayo. Msituni Virginia au Carolina unakutana na mistari miwili ya dafodili isiyoelekea popote. Ilielekea mlangoni. Nyumba imeoza, bomba la moshi limeanguka, waliopanda wamezikwa, na mistari ingali hapo. Wanaochunguza makazi ya kale huyatumia maua hayo kujua pa kuanzia kuchimba.

Virginia ina sababu ya ziada. Mwaka 1926 Marekani iliwekea vizuizi vikali matunguu ya dafodili kutoka nje kwa kuhofia wadudu na magonjwa, na Waholanzi waliokuwa wakiyauza wakahamishia kilimo kwenye ardhi ya Marekani, wilaya ya Gloucester ikiwa mojawapo. Wilaya hiyo bado ina tamasha la dafodili kila mwaka.

> Mistari miwili ya dafodili msituni isiyoelekea popote. Ilielekea mlangoni.

Huko Michigan, kampuni ya Old House Gardens imekuwa ikiuza matunguu ya kale tu tangu 1993. Na Scotland, pwani ya Wester Ross, kuna mkusanyiko wa taifa wa dafodili za kabla ya 1930. Zinalindwa na watu wachache wenye majembe, si na maabara.

Wanaosema ziache zife

Si kila mjuzi wa dafodili anashangilia. Nimesikiliza hoja za upande wa pili, na moja kati ya hizo ni nzito kiasi kwamba yeyote anayetaka kupanda ua la kale lazima aijibu.

Hoja hiyo ni ugonjwa. Mmea unaogawanywa bila kuzaliwa upya hurithi kila kitu, pamoja na virusi. Virusi vya mistari ya manjano humkaa mmea miaka na miaka. Majani yanatoka na michirizi iliyofifia, ua linadhoofika, na vidukari wakifyonza utomvu wanahamishia virusi kwa jirani. Anayezalisha aina mpya anaanza na mbegu safi. Kwa nini, anauliza, nimruhusu mtu alete kizee kilichojaa virusi karibu na shamba langu?

Hatari nyingine ni minyoo isiyoonekana kwa macho inayotafuna matunguu kwa ndani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikaribia kuimaliza biashara nzima ya dafodili Uingereza. Aliyeiokoa alikuwa kijana, James Kirkham Ramsbottom, aliyekuwa katika bustani ya RHS ya Wisley. Kuanzia 1916 alijaribu dawa moja baada ya nyingine, akagundua kuwa maji ya moto yanatosha: si ya kuchemka, ni ya kuua mnyoo na kuacha tunguu hai. Mpaka leo wakulima wakubwa huloweka matunguu katika maji ya digrii 44 hivi kwa saa tatu. Ramsbottom alifariki New York mwaka 1925, hajafika miaka 40, na jina lake limesahaulika kuliko majina ya maua aliyoyaokoa.

Shida ni kwamba mtu wa nyumbani hana tangi la kushikilia digrii 44 kwa saa tatu bila kupanda wala kushuka. Akizidisha anapika, akipunguza anawaogesha minyoo.

Hoja ya pili inatoka kwa watunza mazingira. Uingereza ina dafodili yake ya mwituni, ndogo, petali zimefifia na tarumbeta limekolea. Karibu na kijiji cha Dymock, Gloucestershire, zilikuwa nyingi kiasi kwamba reli iliyopita hapo iliitwa Reli ya Dafodili. Watoto walizichuma na treni ikazipeleka London, nyingine hospitalini, hadi huduma ya abiria ilipofungwa mwaka 1959. Dafodili ya bustani ikipandwa karibu nayo, nyuki hawaulizi ukoo. Wanachanganya, na machotara huanza kuota. Hapo umri wa ua si utetezi. La mwaka 1880 linaharibu sawa na la mwaka jana.

Hoja ya tatu, kwamba mapya ni mazuri zaidi, naiona nyepesi. Ni kweli shina la leo ni imara, ua linakutazama usoni, rangi zimekolea. Vigezo hivyo ni vya meza ya mashindano. Ua la kale mara nyingi linainama, petali zake nyembamba zinatikisika kwa upepo mdogo, na baada ya mvua linainuka upesi kwa kuwa halikubeba uzito. Katika nyasi nje ya nyumba, wepesi huo ndio uzuri wenyewe.

Uchague ipi

Kwa msomaji mwenye kipande cha ardhi huko Reading, Leicester au Minnesota, na wapo Waswahili wengi wenye vipande hivyo, ushauri wa wazoefu unaanza na jambo moja: chagua zilizokwisha kuthibitisha kwamba zinaishi bila kubembelezwa. Kama ua limedumu miaka 80 kwenye miiba ya Tamar, litakuvumilia na wewe.

Van Sion linajulikana tangu 1620, na si kila mtu atalipenda. Limejaa petali ovyo, za manjano zenye ukijani. Mwaka mmoja tarumbeta linabaki zima likiwa limesheheni, mwaka mwingine linapasuka. Mimi nalipenda kwa fujo yake hiyo. Linastahimili karibu udongo wowote usiotuamisha maji.

Anayetaka utulivu achukue W. P. Milner la karne ya 19, fupi, la rangi ya krimu, linalofaa hata chunguni. Thalia la 1916 ni jeupe tupu, maua mawili au matatu kwenye shina moja, nalo huvumilia unyevu zaidi kidogo kuliko ndugu zake. Actaea lina petali nyeupe bapa na kijicho cha manjano chenye ukingo mwekundu, na harufu yake ni ya viungo. February Gold la 1923 huwahi, ingawa katika baridi kali Februari ya jina lake huwa Machi.

Halafu kuna Carlton, lililozalishwa Cornwall na P. D. Williams na kusajiliwa 1927. Ni la kawaida mno, kiasi kwamba wakusanyaji hulipita bila kugeuka. Hata hivyo tunguu na majani yake yana galantamini, kemikali inayotumika kutengeneza dawa ya wagonjwa wa kusahau wa Alzheimer, na kwenye milima ya Wales wapo wanaolilima kwa ajili hiyo. Wakati Williams anachagua ua hili kwa sura yake, hakuna aliyejua lina nini ndani. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja bora ya kutozitupa aina za kale. Inazidi hoja zote za uzuri.

Mwenye kuishi sehemu za joto, kama Texas au kusini mwa Louisiana, asihangaike na King Alfred. Atafute zile zenye vishada vya maua madogo, kama Grand Primo, zisizodai baridi ndefu.

Kuhusu kununua: muulize muuzaji tunguu limetoka wapi na nani alilitambua. Bei ya tunguu moja la kale lenye uhakika inaweza kukaribia ya mfuko mzima wa supamaketi. Nunua matatu, si thelathini, yatajiongeza yenyewe. Na usiende kuchimba vichakani usiku. Sheria ya Uingereza ya 1981 ya wanyamapori na mashambani inakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi. Omba, mara nyingi utapewa.

Usiyaguse majani

Kupanda kwenyewe ni kazi ya mchana mmoja, Septemba au Oktoba. Shimo liwe na kina cha mara mbili hadi tatu ya urefu wa tunguu, karibu sentimita 15 kwa tunguu kubwa, ncha ikielekea juu. Tunguu lililo laini au lenye kitako cha kahawia limeshikwa na kuvu. Litupe, tena mbali na lundo la mboji.

Kosa linaloua dafodili nyingi hufanyika baadaye, Aprili na Mei, ua likishanyauka na mtu akaona majani yanachafua bustani. Anayakata, au anayafunga mafundo.

Chukua tunguu Septemba, ulipasue katikati kwa kisu. Chini, katikati ya tabaka za magamba meupe, utaona kitu kidogo cha kijani hafifu. Ni ua la mwaka ujao, limeshaumbwa na sehemu zake, linasubiri baridi tu. Liliumbwa kiangazi kwa chakula kilichotengenezwa na majani yale yale yaliyoonekana yanachafua. Ndiyo maana wataalamu wanasema yaachwe angalau wiki sita baada ya ua kunyauka. Anayekata mapema hupata mwakani majani matupu.

> Pasua tunguu Septemba: ua la mwaka ujao limo ndani, limeshaumbwa.

Sababu nyingine ya majani matupu ni msongamano. Kila baada ya miaka michache, majani yakishakauka, fukua kishungi, tenganisha matunguu, rudisha nusu, nusu wape majirani. Mbolea yenye naitrojeni nyingi iepukwe. Hunenepesha majani na kulainisha tunguu likaoza. Majivu kidogo yanatosha.

Mwenye watoto na jiko asikilize na hili. Tunguu la dafodili linafanana na kitunguu, na ni sumu. Humtapisha mtu vibaya. Mwaka 2009 watoto wa shule moja ya msingi Suffolk waliugua baada ya tunguu moja kuingia kwenye supu ya somo la upishi. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya Uingereza iliyaandikia maduka makubwa yasiyaweke matunguu wala maua hayo karibu na mboga. Nyumbani kwako yasilale kwenye kapu moja na vitunguu vya mchuzi.

Huku kwetu

Msomaji wa Lushoto au Limuru atauliza kama anaweza kulipanda. Dafodili nyingi zinahitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi isiyozidi digrii tisa hivi ili ua lililo ndani litoke. Usiku wa Limuru unauma, lakini mchana jua linarudi na hesabu inaharibika. Zinazotarajiwa kukubali ni zile za vishada, jamaa za Grand Primo. Hata hizo zisije mfukoni mwa koti: Kenya kuna KEPHIS na Tanzania kuna TPHPA, na tunguu lililobeba minyoo halimdhuru aliyelileta peke yake.

Tuna wa ukoo huo huo hapa hapa. Lile ua jekundu la duara, linalochomoza mvua zikianza kabla hata majani hayajakunjuka, ambalo wengi hulipita njiani, ni jamaa wa dafodili kibotania, nalo halihitaji cheti cha forodha.

Mahali ambapo dafodili na Afrika Mashariki hukutana kweli ni mezani. Siku ya Mama ya Waingereza huangukia katika Kwaresima, dafodili zikiwa bei chee, na ndiyo siku ambayo mawaridi ya Naivasha hujaa madukani kwao. Watoto hununua yote mawili na kuyachomeka chombo kimoja. Ute unaotoka kwenye shina la dafodili lililokatwa huyafupishia mawaridi maisha. Dafodili ziachwe kwanza peke yake kwenye maji kwa siku nzima, maji yamwagwe, ndipo zichanganywe bila kukata shina upya.

Mlinzi wa chungu kimoja

Mzozo uliobaki ni wa nani atakayezitunza dafodili za kale. Walio na mikusanyiko mikubwa wanazeeka, na mkusanyiko wa aina mia kadhaa si urithi ambao kila mtoto anautaka. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, kumtumia rafiki wa Ufaransa matunguu matatu kunadai cheti cha afya ya mimea, gharama inayozidi thamani ya matunguu yenyewe. Njia ya zamani ya kuziokoa, bahasha mkononi mwa msafiri, imefungwa.

Shirika la Plant Heritage, lililoanzishwa mwaka 1978, limekuja na mpango wa walinzi wa mimea. Anayetunza hatakiwi kuwa na shamba wala mkusanyiko. Anaandikisha mmea mmoja adimu alio nao, hata kama uko chunguni kibarazani, na kukubali kugawa vipande vyake kwa wenzake vinapopatikana. Kibandiko cha jina kiwe cha bati lililochongwa kwa msumari, maana cha plastiki huvunjika na wino hufutika kwa jua, na ramani ya mahali palipopandwa iwekwe pamoja na hati za nyumba.